Mikorosho ya Mama na Neno la Bwana Shamba

Neno lenyewe ni "drastically". Nililiona mara ya kwanza katikati ya miaka ya tisini, kwenye nakala ya kaboni ambayo mama aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaja nayo kutoka kijijini mpaka Ufukoni nilikokuwa nimepanga chumba. Wakati huo nilikuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali hapa Mtwara. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta meza, kuchemsha chai na kuhamisha mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile. Nimesoma mpaka darasa la saba. Lakini kijijini kwetu, upande wa kwenda Mnazi Bay, watu walikuwa wakisema najua Kiingereza, na mimi sikuwahi kuwakatalia. Hilo naliandika mapema ili mtu asije akadhani nilisingiziwa.

Kiingereza changu nilikiokota kwenye ndoo ya taka ya ofisini. Barua ikichapwa vibaya hutupwa, na mimi kabla ya kuchoma taka nilikuwa nachambua zile zisizochafuka, nazinyoosha kwa kiganja, nazisoma. Nilikuwa na kamusi chakavu isiyo na jalada, ya Kiingereza kwa Kiingereza, kwa hiyo mara nyingi ilinieleza neno moja nisilolijua kwa maneno mengine matatu nisiyoyajua. Kile nilichokielewa nilikiandika kwenye daftari langu, pamoja na mambo ya siku. Nimeandika daftari tangu nikiwa msichana. Sijui kwa nini. Sina la ajabu la kuandika.

"Nisomee," mama alisema, akanipa karatasi.

Ilikuwa na mistari minne tu, mwandiko wa kulala. Aliyeiandika ni bwana shamba, kijana mstaarabu aliyetoka bara, mwenye pikipiki moja na vijiji vingi vya kuzungukia. Alikuwa amepita kwenye shamba la mama, akaangalia mikorosho, akajaza fomu yake kwa Kiingereza kwa kuwa fomu za ofisi yake zilikuwa hivyo, akachana nakala akampa. Alimweleza pia kwa mdomo, kwa Kiswahili. Simlaumu. Ila Kiswahili cha mama ni cha salamu na cha sokoni. Mambo yake ya moyoni anayasema kwa Kimakonde. Katika maelezo yote ya bwana shamba alichukua mawili: mingi mno, na kukata. Mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye ndiye angesikiliza kwa niaba yake, siku hiyo alikuwa mazikoni kijiji cha pili.

Mistari miwili ya kwanza niliielewa. Mikorosho imebanana, jua halipenyi, ndiyo maana ubwiriunga unastawi. Ubwiriunga ni ule ugonjwa unaolipaka ua la mkorosho vumbi jeupe kama unga wa muhogo, ua likakauka kabla halijafunga. Mstari wa tatu ulisema matawi yapunguzwe, kisha likafuata lile neno. Wa nne ulikuwa sahihi yake.

"Anasema yapunguzwe," nilimwambia mama.

"Kiasi gani?"

"Nitaangalia kwenye kamusi."

Kamusi ikanizungusha kama kawaida yake. Kesho yake nikamwendea mchapaji wetu. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Iringa, Mkristo, mcheshi, aliyejua barua zote za ofisi kuliko waliozitia sahihi. Nilimwita dada ingawa angeweza kunizaa.

"Mdogo wangu, hilo ni neno la wakubwa," alisema bila kuacha kuchapa. "Maana yake kitu kinabadilika kwa kishindo. Jana kilikuwa hivi, leo hukitambui."

"Kama nini, dada?"

"Kama sukari ya ofisi hii. Mwezi uliopita mlikuwa mnakoroga, mwezi huu mnaionyesha chai kijiko kitupu. Hapo sukari imepungua hivyo."

"Kwa hiyo ni neno baya?"

"Si lazima. Hata mgonjwa anaweza kupata nafuu ya namna hiyo. Neno halichagui. Linakwambia tu badiliko ni kali." Akavuta karatasi kwenye mashine, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha. "Ila ujue, halina kipimo. Halisemi robo wala nusu. Anayeliandika anakijua kiasi kichwani mwake, wewe unayesoma hukijui. Ukilikuta kwenye jambo la maana, nenda kamuulize aliyeandika."

Nilitoka pale na mambo mawili, sio moja. La kwanza: badiliko kali. La pili: halina kipimo, kamuulize aliyeandika. Yote mawili niliyaandika kwenye daftari siku ileile, na daftari hilo ninalo. Siwezi kusema nilisahau.

Na kutoka ofisini kwetu mpaka ofisi ya bwana shamba ni mwendo wa kumaliza muhindi mmoja wa kuchoma. Sikwenda. Siku ya kwanza alikuwa safarini, hilo ni kweli, niliambiwa na mtu wa getini kwao. Siku zilizofuata sina sababu. Nadhani niliona aibu. Yeye alizoea kunikuta na birika mkononi akija vikao vya ofisini kwetu, na mimi nije kumwambia, samahani, nimeshindwa kusoma mwandiko wako? Pengine angefurahi. Simjui kiasi hicho. Ninachojua ni kwamba wiki iliisha.

Inabidi nieleze shamba lilivyokuwa. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na miti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na mikorosho yake kwenye ardhi ya mwenzake, na watu wakaheshimiana. Shamba la mama lilipandwa na bibi, halafu mama mwenyewe akajaziliza mapengo. Hapo ndipo kubanana kulipoanza. Mama alitugawia sisi wanawe kwa mistari tangu tukiwa wadogo: mstari wa kaka yangu, mstari wangu, mstari wa mdogo wangu aliyeolewa Newala, na mstari wake mwenyewe, ule wa nyumbani, wenye miti ya bibi. Bibo, lile tunda la mkorosho, likianguka kwenye mstari wako ni lako. Likidunda likavuka, mnagombana. Tulikuwa tunagombana kweli kweli, mpaka mama anatoka na mwiko. Ndani ya mistari ile mchana kulikuwa na giza la kijani, hata nyasi hazikuota. Mavuno yalikuwa yakishuka kila mwaka, na mama hakuwa na kitu kingine zaidi ya mihogo na mikorosho hiyo.

Mjomba alikuwa ndiye mwenye kauli. Ukoo wetu unahesabiwa kwa mama, na mambo ya dada yake yalikuwa juu yake. Alikuwa mtu mrefu, mpenda utani, mwepesi wa kushika shoka. Alipenda jambo likiamuliwa asubuhi liwe limekwisha jioni.

Jumapili nikaenda. Nilimkuta barazani kwa mama, kaka yangu naye yupo, na majirani watatu wanne waliokuja kusikia serikali imeandika nini. Mama alikaa mlangoni akimenya muhogo.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba msomi wetu. Haya, karatasi inasemaje?"

Nikasoma. Mikorosho imebanana. Jua halipiti. Matawi yapunguzwe.

"Yapunguzwe vipi?"

"Kwa ukali, Mjomba."

"Ukali gani, wa pilipili au wa shoka?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Ni neno la mabadiliko makubwa," nikasema. "Kwamba mti uwe mwingine. Si kuchezea chezea."

Mjomba akasimama, akaenda kwenye mkorosho wa karibu, akaweka kiganja kwenye shina usawa wa kifua chake. "Hapa?" Akashusha mpaka kiunoni. "Au hapa?"

Hapo ndipo lile jambo la pili lilipotakiwa kusemwa. Lilikuwa mdomoni. Mjomba, karatasi haisemi wapi, nipe mpaka kesho nikamuulize. Ni maneno machache, ningeyamaliza kabla mama hajamenya muhogo mwingine. Nilinyamaza kidogo, na katika kunyamaza kule kaka yangu akasema, "Mwacheni huyo, anachojua kusoma ni majani ya chai."

Wakacheka tena, safari hii bila mimi.

"Hapo hapo, Mjomba," nikasema. "Kiunoni."

Ndivyo kipimo kilivyopatikana. Hakikutoka kwenye karatasi wala kwenye kamusi. Kilikuwa kiuno cha mjomba.

Naomba nimtendee haki kaka yangu, kwa sababu maneno yake ya pili yalikuwa ya maana kuliko yangu yote. Alisema tusikate shamba zima. Tuanze na mstari mmoja, tuone unavyochipua, mwakani tuendelee. Angesema hivyo akakomea hapo, pengine ningemkubalia. Ila aliongeza, "Tuanze na wa huyu wa mjini. Yeye ana mshahara, mimi nina watoto."

Nikawaka. Nikasema kama ni kukata ni wote, kama ni kuacha ni wote. Mama hakutugawia ili mmoja avune na mwingine akae na visiki. Niliongea vizuri sana siku ile. Daftari langu limeandika: "Nimewaambia haki ni haki, wamenyamaza." Nilijiona mtu wa haki. Hata leo nikisoma nilivyosema sioni neno la uongo ndani yake, na bado ndilo lililoharibu kuliko lile la Kiingereza.

Mjomba alikuwa na hofu yake. Watoto wa dada yake wakigombania miti, lawama ni zake. "Sawa," akasema, "yote. Asije mtu kulalamika baadaye."

Mama akasema kwa Kimakonde, bila kuinua uso, kwamba mstari wa nyumbani ubaki.

"Dada, ukiuacha wako watasema umejipendelea," mjomba akamjibu.

Mama akamaliza muhogo wake, akachukua mwingine. Nilimsikia. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nikaanza kuokota maganda.

Katika familia yetu mti haukatwi na mtu mwingine kabla mwenye nao hajaupiga yeye kwanza. Si sheria, ni adabu tu, ili isije ikasemwa kwamba fulani alikatiwa. Kwa hiyo nilipewa panga nikapiga mkorosho wa kwanza wa mstari wangu, kaka akapiga wake, na wa mdogo wetu ukapigwa na mama kwa niaba yake. Halafu mama akaenda kwenye mstari wa nyumbani. Alipiga mara moja, panga likakwama kwenye gome, akaliacha humo humo akaingia ndani. Mjomba akalichomoa yeye. Siku tatu walikata. Mimi nilirudi kazini Jumatatu, nikachemsha chai.

Mvua zilikuwa zimeshakatika, na kisiki bila mvua huchipua kwa shida. Hilo nalo karatasi haikusema, na sikumbuki kama kuna aliyeuliza. Jumapili iliyofuata nilipofika nilidhani nimepotea. Kutoka barazani uliweza kuona msikiti wa kijiji cha pili, ambao sikuwahi kujua kwamba unaonekana kutoka kwetu. Ardhi ilikuwa nyeupe. Jua lilikuwa limeingia kweli, kama karatasi ilivyotaka, limeingia kila mahali. Visiki vilisimama kwa mistari, vyote urefu mmoja, na maji ya gome yalikuwa yameganda juu yake kama gundi.

Vingine vilichipua. Lazima niseme hivyo. Kwenye mstari wa kaka, ambao miti yake ilikuwa michanga, zaidi ya nusu vilitoa majani mekundu, machanga, mazuri, na mbuzi wa jirani wakayala mengine. Kwangu vilichipua vichache. Kwa mama, kwenye miti ya bibi, hakuna. Vilipasuka, mchwa wakaingia. Tulikuwa tumeipa adhabu moja miti isiyolingana, tukaita haki.

Bwana shamba alirudi na pikipiki yake. Nilikuwepo, ilikuwa sikukuu na ofisi ilifungwa. Alisimamisha pikipiki, akavua kofia, akabaki ameishika. Alitembea mpaka mwisho wa mstari wa mama na kurudi. Alikuwa amekusudia, alivyoeleza, kwamba tupunguze matawi yaliyoshikana, na kila baada ya mti mmoja tuondoe mmoja dhaifu, polepole, msimu hadi msimu.

"Nani aliwaambia mkate yote?" akauliza. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefika kwenye msiba.

Mama alikuwa mlangoni. Kaka alikuwa ameinama. Mimi nilisimama nyuma yao na sinia la vikombe.

"Mimi," mjomba akasema. "Mimi ndiye niliyeshika shoka."

Hakuniangalia. Nilisubiri aongeze kwamba karatasi nilisoma mimi, hakuongeza. Nilisubiri niseme mwenyewe, sikusema. Bwana shamba alisema na yeye ana kosa, alipaswa kuandika kiasi. Nikashukuru moyoni kwamba kuna mtu mwingine wa kulibeba, kisha nikaanza kugawa uji wa vikombe kama vile ndiyo kazi niliyoletewa duniani.

Kuanzia siku ile mama hakusema na kaka yake. Si kwamba walitukanana. Alimkata tu. Mjomba akipita na kubisha hodi, mama anaingia jikoni. Kwa watu wengine kaka na dada kununiana ni jambo la wiki mbili. Kwetu ni kama nyumba kukosa nguzo. Mjomba ndiye aliyekuwa amesimamia harusi zetu, misiba yetu, jando la watoto wa kaka. Sasa shughuli zikija anakaa upande wa wageni. Watoto wa kijijini wakawa wanamwita mzee wa visiki. Alikuwa anawacheka, anawarushia utani wake, lakini nilimwona siku moja akizunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya shamba.

Ofisini nako lile neno likanifuata. Ni miaka ile ambayo wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa. Siku moja mchapaji aliniita, akanionyesha barua aliyokuwa anaichapa, ya kwenda kwa wakuu wa vitengo. "Soma hapa." Nikasoma. Idadi ya watumishi wa kada za chini ipunguzwe, na neno ni lile lile.

"Kiasi gani, dada?" nikamuuliza.

"Si nilikwambia? Halisemi." Akaipiga mhuri mwenyewe, akaiweka kwenye faili. Wiki chache baadaye jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha. Alirudi Iringa na cherehani yake na kapu la samaki wakavu tulilomfungia. Mimi nilibaki. Sijui kwa nini nilibaki, labda chai haikuwa na mtu mwingine. Nililia siku anaondoka, na nina hakika nililia kwa kumpenda. Ila ndani kabisa ya moyo wangu kulikuwa na jambo jingine, na nitaliandika: aliyekuwa anajua kwamba niliambiwa nikaulize alikuwa yeye peke yake, na sasa amekwenda mbali.

Miaka ikapita. Mama alilima mihogo kati ya visiki mpaka magoti yakakataa, ikawa ni elfu mbili na kitu, nikamleta Ufukoni. Alikuwa mnyonge mjini. Alikaa uani akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilikuwa nakutana na lile neno sehemu nyingi sasa, kwenye gazeti, kwenye barua, hata redioni siku mtu anapochanganya lugha, na nikajifunza kwamba mchapaji alisema kweli, si neno baya. Watu wanalitumia kwa bei, kwa mvua, kwa afya. Linasema tu kwamba kilichokuwepo hakipo tena kwa namna ileile. Nilipomwangalia mama pale uani nililifikiria.

Presha ikampata. Nikampeleka zahanati, nesi akampima, akaandika kwenye kadi, akanipa. Aliandika kwa Kiingereza kwamba apunguze chumvi, na hapo lile neno likawepo.

"Nesi," nikasema, "kiasi gani?"

"Chumvi?"

"Ndiyo. Hapa umeandika apunguze sana. Sana ni kiasi gani? Kwenye chungu cha mboga cha watu watatu, nitie kiasi gani?"

Nesi akacheka kidogo, akachukua kijiko cha dawa, akanionyesha. Nikamuuliza na samaki wakavu je. Akanijibu. Nikamuuliza na kisamvu kisichotiwa chumvi kabisa, kitaliwa? "Tia ndimu," akasema. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna, nikauliza na la mwisho.

Tulipokuwa tunarudi, tukipumzika kwenye kivuli cha duka la mafuta ya taa, mama akasema, "Leo umeuliza."

"Nimeuliza, mama. Lile neno ni lile lile la bwana shamba."

Sijui kwa nini nilisema. Ningeweza kunyamaza, nilikuwa nimenyamaza miaka yote hiyo bila taabu. Mama akaiangalia kadi, ingawa hasomi.

"Siku ile ulimuuliza nani?"

"Mchapaji wa ofisini."

"Akakwambia nini?"

"Akaniambia neno halina kipimo. Nikamuulize bwana shamba mwenyewe."

"Ukamuuliza?"

"Hapana."

"Alikuwa mbali?"

"Hapana, mama. Alikuwa karibu."

Akafunga kadi kwenye pindo la kanga. Tukaenda nyumbani, yeye mbele. Siku mbili alikula chakula changu cha chumvi kidogo bila kulalamika, na hiyo ilinitisha kuliko kelele. Siku ya tatu akaniita.

"Mjomba wako anajua?"

"Hajui."

"Nilikuwa na mtu mmoja wa kumkasirikia," akasema. "Sasa mko wawili, na mimi ni mzee, sina nguvu za watu wawili. Kamwambie."

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Mjomba alikuwa anasuka upya kamba za kitanda uani kwake, amezeeka, mikono bado mikubwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: mchapaji, bwana shamba, kaka na majani ya chai, kiuno. Hakuacha kuvuta kamba.

"Kaa chini, mpwa wangu, unaniumiza shingo," akasema. Nilipokaa akaendelea: "Ungesema karatasi haijui kipimo, mimi ningesema nakijua. Shoka nilikuwa nimeshalinoa. Watu walikuwa wanatazama."

"Mjomba, unasema hivyo kunituliza."

"Nikutulize wewe una nini? Shika ncha hiyo, vuta."

Nikashika, nikavuta. Tulimaliza kitanda bila kurudi kwenye maneno yale.

Nimeyapima maneno yake mara nyingi. Kama ni kweli, basi ukimya wangu haukukata mti hata mmoja, na nimejitesa bure. Kama si kweli, basi alinibebea tena, mara ya pili. Yote mawili yanawezekana, na mimi si mtu wa kuchagua, kwa kuwa najua lipi lingenifaa.

Nilimpelekea mama jibu lile kama nilivyolisikia.

"Muongo," mama akasema. Kisha akafikiri. "Au si muongo. Shoka lilikuwa limenolewa, nililiona." Akaanza kutafuta viatu vyake. "Nifungie nguo zangu. Nataka nikamgombeze."

"Mama, magoti."

"Nimemgombeza kimya kimya miaka yote hii, hasikii. Naenda kumgombeza asikie. Wewe baki."

Alikaa huko siku tisa. Watu walisema waliwasikia siku ya kwanza mpaka barabarani. Siku ya pili walisikia kidogo. Baada ya hapo hakuna aliyeniletea habari, na mama aliporudi, na mfuko wa mihogo mikavu ya kwa mjomba, hakunieleza na sikuuliza. Sasa wanasalimiana. Mimi hakuninunia, na kama amenisamehe hajasema. Ila tangu wakati huo, nikimsomea karatasi yoyote, ya zahanati, ya msikitini, hata tangazo la maji, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiangalia.

"Haya," anasema. "Na mahali usipopajua ni wapi?"

Na mimi namwonyesha kwa kidole neno nisilolielewa.